Saladi Isiyo na Kitunguu

Mwenzangu, uko hapo? Nimejifungia chooni. Nimeharibu kila kitu.

Ile mandari yetu ya bustanini imekufa. Wiki tatu napanga ili Baba na kaka yangu wakae mkeka mmoja, baada ya miaka miwili ya kununiana!

Jua zuri, mayai nimechemsha, maji yameganda barafu chupani. Baba kavaa kofia, anapiga mluzi. Baba! Mluzi! Hajui kaka anakuja. Tulikubaliana na Mama kwamba atamkuta huko huko.

Basi Baba akataka kunisaidia kufunga kapu. Akafunua bakuli dogo la saladi, akaniuliza, "Mbona hii haina kitunguu?"

Katika ukoo mzima ni mtu mmoja tu asiyekula kitunguu. Mmoja!

Mama akadakia, "Ni ya jirani." Jirani gani, Mama?

Baba akalifunika taratibu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kavua kofia, kaitundika msumarini, kasema, "Nendeni, mwanangu. Mkale vizuri." Kaingia chumbani, kafunga kwa ufunguo.

Nimebisha mara tatu. Hafungui.

Sasa hivi kaka kanitumia picha. Ameshafika na familia yake. Wamemnunulia Baba kiti cha kukunja, wamekiweka kivulini, na watoto wamekatazwa kukikalia. Anauliza mzee yuko wapi.

Nimjibu nini? Mimi ndiye niliyemwambia kwamba Baba mwenyewe kamwita.