Injini Yangu na ya Shemeji Hedley

Keighley, Yorkshire,
Jumapili, 16 Juni 1957.

Mpendwa Dada Edna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Adelaide, wewe na Shemeji Reg na watoto, na kwamba kifua chako kimepata nafuu. Sisi hatujambo. Masikio ya Baba yamezidi kuwa mazito, lakini ubishi wake uko palepale. Mvua imetuozeshea viazi.

Sasa nikwambie la moyoni. Tangu Pasaka, injini ndogo ya ndege ya kuchezea aliyoiunda Hedley imekaa kwenye rafu ya juu ya meko ya Baba, kando ya saa. Unamjua Baba: injini haipandi pale mpaka iwake mbele ya macho yake na ingurume hadi imalize mafuta. Hedley, mume wa dada yetu Doreen, muuza viatu! Na mimi, fundi mwana wa fundi, nanywa chai pale kila Jumamosi nikiitazama. Edna, wivu ulinila kweli kweli.

Nikajifungia bandani na yangu, ndogo kama kikombe cha chai. Nilikereza silinda, nikakereza pistoni, kisha nikaanza kuisugua. Ya Hedley inang'aa. Yangu niliitaka ing'ae mpaka ajione si kitu. Nikasugua na kusugua.

Siku ya kumwonyesha Baba, injini ikagoma. Nilizungusha rafadha, lile pangaboi lake la mbele, mpaka kidole kikavimba. Nikaongeza etha ya kuiwashia, nikafungua skrubu zote na kuzifunga tena, wapi! Jiko zima lilinuka kama hospitali. Hedley akasogea, keki mkononi.

"Shem, hiyo ni injini au pambo la harusi?"

"Nenda kauze viatu!"

Hakwenda. Akadondosha mafuta ya nyonyo ndani ya silinda, akazungusha. Ikakohoa kidogo, ikazima.

"Umeisugua mno, bwana wee. Haya mafuta mazito yameziba mwanya, ndiyo maana imekohoa. Pistoni yako inapwaya, hewa yote inakukimbia."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Doreen alimtazama mumewe kama kagundua moto.

Nikakereza pistoni nyingine, nikaiacha na sura yake mbaya. Jana nikarudi nayo. Kuizungusha tu, ikawaka! Baba, maadamu hasikii, aliweka kiganja juu ya meza, akaufuata mtetemo wake kwa mkono mpaka tone la mwisho la mafuta. Hakunisifu. Aliibeba kwa leso ingali moto, akaiweka kando ya picha ya marehemu Mama, mahali ambapo hajawahi kumruhusu mtu kuweka hata kibiriti.

Nikamgeukia Hedley, nikamkuta akiitazama nafasi ile. Uso ule niliutambua mara moja, maana ndio ninaouona kwenye kioo kila asubuhi nikinyoa ndevu.

Nisalimie Reg, na umbusu Janice na mdogo wake. Baba anakukumbuka kila akishika kikombe chako. Doreen anakusalimu sana. Hedley naye angekusalimu, ila leo hata kanisani hakuja. Amejifungia bandani tangu asubuhi, anasugua kitu.

Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Nduguyo akupendaye,
Wilf