Moyo wa Mwezi wa Nne

Dada yangu,

Salamu baadaye, baba mkwe atanitia wazimu! Kila tukila ananisomea kitabu chake cha Ayurveda, ile tiba ya kale ya Kihindi: mimba mwezi wa kwanza ni ute, wa pili donge, wa tatu inachipua mikono na miguu, na moyo eti mpaka wa nne. Mimi, ninayeshinda hospitalini nikipima wajawazito kwa mashine! Namwambia, "Baba, moyo hudunda wiki ya sita." Anacheka, ananiongezea samli.

Jumatatu baada ya kazi nilijipima mwenyewe. Wiki ya tisa, dada. Mtoto yumo, ila moyo haudundi. Nilirudia mara tatu.

Leo mezani kaanza tena. Sikubisha. Nilimwomba anisomee ukurasa ule wa mwezi wa nne, polepole.

Ni mimi, mdogo wako mbishi.