Mbwa Aliyeitika "Mpore"

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaongeza dhambi juu ya dhambi, maana wiki ya pili sasa kila pikipiki ikisimama mbele ya ua wangu moyo unanidunda kama wa mwizi, na mimi mwizi sikuwa.

Ni mjane wa miaka thelathini na nane, naishi hapa Nyamianda, nauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Mume wangu Sévère alifariki kwa ugonjwa wa figo, yeye alikuwa Murundi wa Luvungi na mimi ni Mufuliiru, na siku za kilio chake mvua ilikuwa imekata barabara ya uwandani, ile ya kwenda Luvungi, hata ndugu zake wasifike, tukamzika na majirani na watu wa kanisa. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, aliingia mbwa jike wa rangi ya mchanga, amekonda, mguu mmoja wa nyuma anauburuta kidogo, shingoni ana kitambaa cha kitenge kilichoshonwa kwa mkono, akapita katikati ya watu wote akaenda kulala kando ya kiti cha marehemu, na kila aliyejaribu kumfukuza alimtazama tu mpaka mtu mwenyewe akaona haya akaacha. Tulimwita Simba, tukamwita Bobi, tukamwita Tigre, jirani akamwita hata Sukari, hakutikisa sikio, tukasema basi huyu ni kiziwi, mwache akae.

Baada ya wiki tatu barabara ikafunguka, na wifi yangu Irankunda akafika kutoka Luvungi. Alipovuka mlango wa ua akaniona nilivyokuwa, aliangusha mzigo wake chini, akanikumbatia akisema kwa Kirundi chao, "Mpore, mpore." Yule kiziwi aliinuka, akaja moja kwa moja, akaweka kichwa chake magotini pangu. Wifi akamgeukia binti yangu Ornella, ana miaka tisa, akamwambia mpore, na mbwa akaniacha akaenda kwa Ornella. Akamwambia jirani yangu mzee, mbwa akaenda kwa yule mzee. Sisi hapa tunasema pole, hilo mpore humu nyumbani lilikuwa neno la Sévère peke yake, alimwambia Ornella kila alipoanguka akachubuka goti, na tangu tumzike hakuna aliyekuwa amelitamka. Ornella hakuwa amesema neno tangu siku ya mazishi, chakula anakigusagusa tu, lakini siku hiyo alimshika mbwa shingo akaniambia, "Mama, ni papa amemutuma." Kisha akala bugali sahani mbili.

Tangu hapo watu wanakuja. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga alikuja, akaambiwa neno lile, mbwa akaenda kwake, akalia mpaka akacheka. Wengine wanasema ni mzimu wa Sévère, na ndugu Chadrack wa chumba cha maombi anasema nimtoe mbwa kabla hajachukua mtu wa pili. Mimi nilisema ni Mungu, nikafunga mdomo, nikakikata kile kitambaa cha shingoni nikakificha ndani ya valizi ya nguo, maana kilikuwa kinaniambia kitu nisichotaka kusikia.

Sasa ndiyo dhambi yenyewe. Siku moja mchana alisimama mbele ya ua dereva wa pikipiki, anaitwa Ndayisenga, akaniambia, "Mama, bananiambia muko na imbwa hapa. Kuko mama moya muzee kule Katogota, alikimbiliaga huku wakati watu walikimbia vita, imbwa yake ikapotea mu bale batu bote. Sasa alisharudia kule, iko anauliza kila muntu anapita." Mbwa alikuwa chumbani nyuma yangu na Ornella. Nikajibu, "Apana, papa, minye siko na imbwa hapa." Sikuuliza hata jina la yule mama. Nilipogeuka Ornella alikuwa ananitazama, na tangu siku hiyo anakula, anasema, ila mimi ananijibu ndiyo na hapana tu. Mshauri, nikimrudisha mbwa mtoto wangu atanyamaza tena, nisipomrudisha nimekuwa mtu gani, na kitu ambacho Mungu amekuletea mlangoni unakirudishaje?

Mama Ornella, Nyamianda

JIBU LA DADA APOLLINARIE

Mama Ornella, pole. Na kwa kuwa mimi pia nimelelewa uwandani, mpore. Jibu hili nakutumia mkononi, redioni halitasomwa, na kama unalisoma kwa sauti mbwa akiwa karibu, punguza sauti, maana neno hilo nitalitaja sana na sitaki mnyama wa watu akimbilie karatasi.

Nianze na ugomvi, niumalize. Umedanganya, tena mbele ya mtoto. Kufiwa kunasamehe mengi, kunasamehe nguo isiyofuliwa na mboga iliyoungua, lakini hakukupi ruhusa ya kumficha mbwa wa mama mzee ambaye naye alikimbia na kupoteza alichokuwa nacho. Kitambaa ulikijua ni nini ndiyo maana ukakikata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Umepona. Hawakusema mgeni afungiwe chumbani.

Ndugu Chadrack mwambie apumzike, mbwa haui mtu kwa kumwekea kichwa magotini. Kinachoua ni kichaa cha mbwa, na hapo wote mmelala usingizi: wiki ngapi wafiwa wanamshikashika mbwa msiyemjua na hakuna aliyemwita veterineri, daktari wa wanyama? Kesho asubuhi apelekwe, achomwe sindano, na ule mguu utazamwe.

Sasa nije kwenye ajabu yako. Mzimu hukuona, Mama Ornella. Ulimwona mbwa akiitwa kwa jina lake. Anaitwa Mpore. Nyinyi mlimwita majina yote ya mjini, yeye alikuwa anangoja mtu mmoja tu alitaje lake, na akatokea wifi yako.

Usifikiri nimekupunguzia, ngoja nikuongezee. Sisi Warundi wa uwandani mbwa hatumpi jina ovyo. Jina la mbwa ni ujumbe. Babu yangu kule Luvungi alisingiziwa na jirani yake, akafuga mbwa akamwita Bazovuga, yaani watasema. Kila asubuhi jirani akiwa shambani analima, babu anasimama kwenye ua wake anaita, "Bazovuga, Bazovuga we," na jirani anameza mate, kwa maana hakuna chifu atakayekushitaki kwa kumwita mbwa wako. Maneno ambayo mtu hawezi kuyasema, anayaweka kwenye mbwa, kisha anayaita.

Basi jiulize nami, ni nani anamwita mbwa Mpore? Nimekaa na barua yako siku mbili kwa sababu ya swali hili, chai ikanipoa mbele yangu. Neno hilo unamwambia aliyefiwa. Aliyemwita mbwa hivyo ni mtu aliyefiwa, na pale alipo hakubaki mtu wa kumwambia mpore. Akatafuta namna ya kulisikia kwenye ua wake, hata kama ni kwa mdomo wake mwenyewe. Anaita mbwa, na yeye ndiye anayepewa pole. Kila siku. Na mbwa alijifunza kwamba neno hilo likitamkwa, kuna mtu mbele yake anayehitaji kuwekewa kichwa magotini. Huyo ndiye aliyeingia kwako siku ya tatu ya kilio, akapita mbele ya milango yote ya Nyamianda akachagua wako. Kwa nini wako, mimi sijui, na nakuambia ukweli, naogopa kidogo kujua. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na sijawahi kusoma jambo kama hili.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtafute Ndayisenga kwenye parking ya pikipiki, umwambie, Ornella akiwa amekushika mkono: "Nilikudanganya, mbwa yuko kwangu." Mtoto asikie. Atakusamehe kabla hamjafika nyumbani, watoto hawana foleni ya msamaha kama sisi. Jumamosi pandeni gari la Katogota, wewe, Ornella na mbwa, na kile kitambaa kwenye mfuko. Mama mzee anayetafuta mbwa anaweza kuwa si mwenye mbwa huyu, kwa hiyo jina na kitambaa usimtajie yeyote, wala njiani wala huko. Asipokuwa yeye, rudi na mbwa wako salama, tutatangaza hapa redioni na makanisani: ameonekana mbwa jike, mwenyewe aje aseme anaitwa nani. Wajanja watakuja na akina Simba na Bobi. Waache waondoke nao.

Unaogopa Ornella atanyamaza. Neno la baba yake halikuletwa na mbwa, na halitaondoka na mbwa. Lile neno unalijua miaka yote hiyo, na hujamwambia mtoto wako hata mara moja tangu mzike. Kwa nini? Ulidhani ni la Sévère peke yake. Mwambie leo, kabla ya kula. Mbwa atakuja, ndiyo, mmpishe akae katikati yenu.

Na mkifika Katogota, simameni nje ya ua wa yule mama, mbwa akiwa nyuma ya sketi yako. Msalimie. Kisha usimuulize mambo mengi. Mwombe tu amwite mbwa wake, kama anavyomwita kila asubuhi tangu apotee, na hakuna anayekuja.