Salamu za Kompyuta ya Mama Rukia

Jumatatu, 4 Machi 1991

Stima ilipotea tena, ikarudi. Nikawasha mashine, nikafuta vumbi, nikaandika tarehe. Kila asubuhi ni hayo hayo. Kisha Mama Rukia akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani, akaitazama ile herufi C na mshale wake. "Atieno, inataka nini hii?" Inangoja uiamuru, Mama. "Mbona haisemi?"

Amechapa barua za ofisi hii ya mizigo tangu mimi niko shule ya msingi. Kwa taipureta vidole vyake vinakimbia, wee! Kwa kompyuta vinaganda. Meneja amesema Ijumaa atampima: aandike hati moja ya mzigo, aihifadhi, aitoe kwa printa. Akishindwa, aende nyumbani Kondele akapumzike. Ati apumzike! Na wale wajukuu atawalisha nini? Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa. Kumbe ule mstari ambapo kompyuta inangojea amri unaweza kubadilishwa. Nimetengeneza kiprogramu kidogo, nikakiita SALAMU. Unaandika SALAMU na jina la mtu, basi. C na mshale vinaondoka, unaona: HABARI YA ASUBUHI, MAMA RUKIA?

Najisikia fundi. Nampenda huyu mama, na sioni aibu kuandika hivyo. Nilipokuja hapa sijui mtu, ndiye aliyenigawia chapati zake.

Jumatano, 6 Machi

Haki ya Mungu. Nilitoka kidogo kupeleka karatasi bandarini. Kurudi, Mama Rukia amesimama mbali na meza, leso ameikaza kichwani, macho mekundu. Kompyuta ilimsalimia. Naye ni mtu wa adabu, angefanya nini? Akaandika NZURI ALHAMDULILLAHI WEWE JE, akabonyeza Enter. Ikamjibu BAD COMMAND OR FILE NAME, yaani amri hiyo haiijui. Yeye akaona ile "bad" tu. Akajaribu tena polepole, akidhani haikumsikia vizuri. Bad. "Mimi naijibu kwa heshima, yenyewe inaniita mbaya. Nani aliifunza?"

Mimi. Nilicheka mpaka machozi, akanuna. Baadaye akacheka pia, akinipiga begani.

Lakini mjinga ni mimi. Nani hapa mjini anaacha salamu bila kuijibu? Nimeandika faili ya NZURI, ya SALAMA, hata ya ALHAMDULILLAHI iliyokatwa mkia, kwa sababu mashine haikubali jina refu hivyo. Sasa akijibu anaambiwa: NASHUKURU, MAMA. TUANZE KAZI. Leo jioni ameandika hati nzima bila vidole kuganda. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 7 Machi

Meneja amepita, akaona kioo kinasalimia. Akauliza kama hii ni ofisi au ni harusi. Toa. Yote. Kesho anataka mashine iwe kama ilivyotoka kwa sanduku. Nikamjibu vibaya. Nusura nifutwe mimi kabla ya Mama Rukia.

Nimetoa, faili moja moja. Mama Rukia alikuwa ananiangalia. Imebaki C na mshale tu. Naogopa. Huyo meneja simpendi hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Meneja alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Mimi mlangoni. Kioo kikawaka. Mama Rukia akakitazama muda mrefu. Nikajua ameganda. Basi, kwisha.

Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Huyu leo hajanisalimia. Kwa hivyo hanidai jibu." Akavuta kiti. Akaandika. Vidole vilikimbia vile vile kama kwa taipureta! Akahifadhi, printa ikaanza kelele zake. Meneja akasoma karatasi juu mpaka chini, akitafuta kosa. Hakuna. "Haya, Mama," akasema, akaenda zake.

Anabaki. Nilimkumbatia mpaka leso ikaanguka.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Njia yote kutoka kwangu Migosi ni matope. Meneja yuko Nairobi, kwa hivyo nilitaka kumrudishia Mama Rukia SALAMU yake kimyakimya. Akanishika mkono. "Iache, nyathina, mwanangu. Hiyo ifanye kazi tu. Salamu nipe wewe."

Niliumia kidogo, kusema kweli. Nilikipenda kile kiprogramu. Lakini nikavuta kiti, nikamsalimia. Akanijibu yote: goti linavyomsumbua, jirani aliyejifungua mapacha, bei ya omena, wale dagaa, kule sokoni Kibuye. Kisha akaniuliza mimi nimeamkaje, akangoja jibu. Tulichelewa kuanza kazi na sikujali.