Nyuma ya Nguzo ya Kanisa Letu

Njia ya Kanisani,
Little Wenby, Suffolk,
Uingereza.
9 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Edwin,

Hujambo huko Tasmania? Noreen hajambo, na lile goti lake limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila mifupa inanilalamikia tangu baridi ianze, na kikohozi kimehamia kwangu bila hata kubisha hodi. Tangu mzee wangu Stanley afariki, barua zako nazisoma kwa sauti, ili nyumba isikie mtu akizungumza.

Uliniuliza kama kanisa letu bado limesimama. Limesimama. Mnara wa mviringo ungalipo na mawe yake ya gumegume, na ile sehemu waliyoiongeza matajiri wa kale wa biashara ya sufu inavuja palepale. Watakatifu wa kuchorwa waliofunikwa chokaa zamani za ugomvi wa dini wameanza kuchungulia ukutani. Mmoja ametokeza sikio na nusu ya ndevu. Na ile nguzo nene iliyojengwa na Wanormani wa kale, ambayo baba alipenda kukaa nyuma yake ili asinzie wakati wa mahubiri, ipo. Mimi bado hukaa hapohapo. Mhubiri hakuoni, wala wewe humwoni.

Kasisi wetu mpya ni mwanamke, Rosalind Pettit. Maskini, kabebeshwa makanisa sita! Alishatuambia kwamba siku atakayokuta hakuna mtu hata mmoja, ibada zitahamishiwa kijiji cha Thelby, na huku mlango utafungwa. Stanley amelala hatua chache tu nje ya mlango huo, Edwin. Usingizi ulinipaa.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha kweli kweli. Niliwahi, nikaketi mahali petu. Kasisi akaingia, kisha nikamsikia akisema peke yake, "Basi siku yenyewe ndiyo imefika. Hata Bi Muriel hakuja." Kabla sijafungua mdomo, akaanza kulia. Nikanywea. Mtu akilia akidhani yuko peke yake, unamwingiliaje?

Akapenga kamasi, akasimama, akaviambia viti vitupu, "Bwana awe nanyi."

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Awe nawe pia!"

Alipiga yowe hilo! "Mungu wangu! Nani huyo?"

"Ni mie, Muriel. Niko huku nyuma ya nguzo."

"Jamani, Bi Muriel, nusura unitoe roho! Unajificha nini huko?"

"Sijajificha. Ndipo tunapokaa sisi."

Akacheka mpaka akashika benchi. Halafu akasema kwa upole, "Njoo mbele, mama. Nikikuona, nitakuja kila Jumapili, hata ukiwa wewe tu. Lakini nguzo siwezi kuihubiria."

Nikaenda. Ulipofika wakati wa kupeana amani tukashikana mikono, nami kwa mazoea nikageuka niwape na walio nyuma. Edwin, hapakuwa na mtu. Viti vyote vile, mpaka mlangoni. Miaka yote nguzo ilikuwa inanikinga, nikidhani wapo upande wa pili: akina Garrod, Bi Ethel na kofia yake, wote. Kuwazika niliwazika mwenyewe, lakini moyo ulikuwa haujaambiwa.

Nililia njia nzima, sikufichi. Jumapili hii nitakaa mbele tena, maana mlango ukifungwa Stanley nitamwachia nani? Ila naogopa ule wakati wa kugeuka.

Nisalimie sana Noreen, na mjukuu wetu Tamsin, mwambie picha yake nimeiweka jikoni ninapoiona nikichemsha chai. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya na usingizi mzuri.

Na kitu kimoja, mdogo wangu. Sisi tukipeana amani asubuhi, ninyi huko mmeshakula cha jioni. Jumapili ukiondoka mezani, sema "amani", hata kimoyomoyo. Mimi nitageuka niipokee.

Dada yako akupendaye daima,
Muriel