Kabla ya Kilomita ya Thelathini

Chumba cha Kupigia Pasi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Alhamisi, mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mumeo na yule mwanao ambaye kwenye picha ya mwisho hakuwa na meno ya mbele. Yameota? Na kifua chako, bado kinakusumbua baridi ikizidi? Usinijibu "nipo tu", maana katika familia yetu mtu anayesema yupo tu huwa yuko hospitali. Sisi huku wazima. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida. Mashine kubwa ya kufulia iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Kazi zipo, hatulalamiki.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele. Barua hii nampa dereva wa basi, kwa hiyo utaipata mapema.

Habari njema kwanza. Kisigino changu kimeniruhusu. Jumapili ya wiki ijayo narudi kwenye marathoni yetu, ile ile niliyoikosa miaka miwili. Namba ya kifuani nimeshaichukua. Ilikuwa na mkunjo, nikaipitishia pasi ya moto mdogo, shemeji yako akacheka mpaka akakaa chini.

Mtaalamu wa viungo, yule kijana anayenikanda mguu, ameniambia nikimbie nusu tu. Nikamwitikia vizuri sana, kisha nikaenda kujiandikisha nzima. Usinigombeze bado. Soma kwanza.

Unajua mimi na Dada Mkubwa tulivyokuwa. Wewe ulikuwa unatucheka, wanawake wazima na kaptura alfajiri. Lakini kuna jambo ambalo huenda sijawahi kukueleza. Dada akikaa kitini hasemi kitu. Ukimuuliza habari, anakuuliza kama umekula. Barabarani ndiko anakoongea, na huko nako la maana halitoki mapema. Mwanzoni ni majirani, bei ya vitunguu, nani kanenepa. Zito hulitoa tukishapita kilomita ya thelathini, pale kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, miguu ikiwa hoi na mtu hana tena nguvu za kujificha. Ni pale aliponiambia kwamba marehemu shemeji alikuwa amefukuzwa kazi, anatoka asubuhi na mkoba wake anakwenda kushinda bustanini. Ni pale alipomlilia mama, mwaka mzima baada ya kumzika. Hakuna mwingine aliyeyasikia hayo. Yalikuwa yangu.

Halafu kisigino kikaniangusha, na nafasi yangu ikachukuliwa na mkamwana wake, mke wa mwanawe.

Nitasema wazi, maana wewe si mgeni: nina wivu. Tena si wa kuchungulia na kupita, ni wivu wa kumnyima mtu usingizi. Binti mwenyewe hana kosa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ana adabu, ananiita mama mdogo, ameninunulia hata soksi. Lakini anakimbia upande wa kushoto wa Dada, kwenye sikio lake zima, maana la kulia halisikii, mahali nilipokuwa nakimbia mimi. Habari za sikio alizipata wapi? Jumamosi nawaona dirishani wakipita, mimi nimeshika pasi, na Dada mdomo haumtulii. Anacheka! Nikimuuliza baadaye walikuwa wanacheka nini, ananiuliza kama nimekula. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na mimi ndiye niliyebaki na kidonda.

Sasa sikiliza la Jumanne. Mkamwana alikuja hapa dobi na mapazia ya Dada, yale ya kijani ya sebuleni, akaomba yawe tayari mapema. Nikamuuliza kama kuna wageni.

"Hapana, mama mdogo, tunayapeleka kule. Chumba cha mama kina madirisha mawili makubwa."

"Kule wapi?"

Akaniangalia, akashika mdomo. Ikabidi aniambie yote. Mumewe amehamishwa kikazi, mji wa safari ya siku nzima kwa basi, na Dada anahamia huko pamoja nao, moja kwa moja. Wanaondoka mwisho wa mwezi. Nyumba imeshapata mpangaji.

"Nilijua ameshakwambia," akasema, maskini, machozi yanamlengalenga.

Nikamjibu kwamba aliniambia, ni mimi tu nilisahau. Mdogo wangu, sikujua uongo unaweza kuuma hivyo. Alipotoka nikakuta nimeunguza kola ya shati la mwalimu mkuu. Nitamwambia nini mwenye shati, kwamba dada yangu anahama?

Najua utakachosema. Binti anaishi naye nyumba moja, angekosaje kujua? Na mimi sikuwepo barabarani, na asiyekuwepo na lake halipo. Sawa. Lakini mpangaji anajua! Fundi aliyepima madirisha anajua! Na mimi, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka siku aliyoolewa, habari naipata ndani ya mfuko wa nguo chafu.

Jana Dada mwenyewe alikuja. Akakaa kwenye kile kiti karibu na beseni. Nikamtegea. Nikamuuliza kama bomba la jikoni limetengenezwa, kama bado anafikiria kupaka rangi ukuta wa mbele, nikapiga kona zote nizijuazo. Mapazia yake yalikuwa yamening'inia nyuma yangu, yametakata. Akayatazama. Akatazama chini. Akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo sitamuuliza tena. Nataka aniambie kwa kinywa chake, na najua ni wapi atakapoweza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikikimbia nusu nitaambulia bei ya vitunguu na kurudi nyumbani.

Mkamwana nimemwambia siku hiyo kushoto nakaa mimi. Akakubali papo hapo, akasema yeye atatufuata nyuma. Hata hilo limeniudhi. Ningependa agome kidogo.

Ninachoogopa ni kisigino. Kikigoma njiani nitakaa ukingoni mwa barabara, niwatazame wakienda wawili, na lile neno litasemwa huko mbele bila mimi. Dada atakuwa ameshalitua. Yule hatui mzigo mmoja mara mbili, na mwakani atakuwa hayupo. Niombee basi. Sitaki medali wala muda mzuri. Niombee mguu wa kulia unifikishe kwenye ule ukuta, baada ya hapo hata wakinibeba kwa toroli nitacheka.

Msalimie mumeo, mwambie shati alilosahau hapa nimelifua na nimelikunja. Mbusu mwanao mashavu yote mawili. Shemeji yako anakusalimu sana. Salamu za Dada Mkubwa sikuletei, maana nyinyi mnaongea wenyewe kwenye simu kila Ijumaa.

Na hapo kwenye Ijumaa ndipo kalamu inaponigomea tangu nianze kuandika. Kama alishakwambia, mdogo wangu, na umekuwa ukijua siku zote hizi, nakuomba kwa haki ya mama yetu: usiniambie. Jifanye umeisikia kwangu.

Mungu akutunze wewe na wote walio chini ya dari yako.

Ni mimi nikupendaye, na wivu wangu wote,

Dada yako wa katikati