Wimbo wa Firigisi Hauimbwi Tena Huku

Unyambwa,
Singida.
Alhamisi, 12 Desemba 2024.

Mpendwa dada yangu Scholastika,

Shikamoo dada. Marahaba yako nitaisikia kutoka mdomoni mwako, safari hii sitaki ya karatasi. Hujambo wewe? Hajambo Asnath? Nasikia Vwawa kuna baridi ya kuvaa sweta mchana, nami nakumbuka kifua chako hakipendi baridi. Nakuombea barua hii ikukute huna kikohozi.

Sisi huku mvua zimeanza vizuri. Alizeti nimeshapanda, na kunguru nao wanafukua kana kwamba tulikubaliana nusu kwa nusu. Lucy wangu amekuwa mrefu kunipita na ana majibu ya mkato kama yako. Akinijibu vile nakasirika, halafu nakukumbuka, basi nashindwa kumchapa.

Usishangae kuona barua zama hizi za simu. Namba yako ya zamani anapokea mwanamume mmoja wa Kyela, ambaye nimempigia mpaka sasa ananiita shemeji. Huyu anayekuletea barua ni Chediel, jirani yangu, dereva wa lori la vitunguu. Mwezi uliopita alipita Vwawa akaona mwanamke kwenye cherehani aliyefanana nami mpaka akataka kumdai sufuria ninayodaiwa na mkewe. Aliporudi akaniambia. Nililia mbele yake bila haya, na ile sufuria nikairudisha.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Mama anaumwa, dada, na si ule mgongo wake wa kila masika. Alijikata na jembe kidole cha mguu akisafisha shamba kule Mgori, akafunga kitambaa, akaendelea kulima. Kumbe ana sukari na hatukujua. Kidonda kimepanda, mguu umekuwa mweusi, na harufu yake siwezi kukuandikia. Daktari anasema ukatwe chini ya goti, tena upesi, la sivyo tutamzika mzima mzima. Mama amekataa. Amesema alizaa watoto watatu, na hakatwi mguu mbele ya wawili.

Huyo wa tatu ni wewe. Tangu Asnath alipokuwa darasa la tatu hujala Krismasi na sisi. Najua sababu, na unajua kwamba najua. Ni wimbo wa kaka Paschal. Niache niseme yote kama yalivyokuwa, maana mimi na wewe hatujawahi kuyasema hata siku moja, tumekuwa tukiyazunguka kama shimo la choo cha zamani.

Ulikuwa na mimba ya Asnath, na kwa Fredrick ulikuwa hujamaliza mwaka. Siku ya Krismasi ulipika jogoo jikoni kwa mama mkwe, tamaa ya mimba ikakushika, ukaila firigisi. Bakuli lilipofika mezani baba mkwe akatafuta fungu lake, akapekua mchuzi wote kwa kijiko. Mwanamke mwingine angemsingizia paka. Wewe ukasema, ni mimi. Firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtu aliyelelewa huku anajua, na jioni ile ile wakakurudisha Mgori ukiwa na gauni lako la sikukuu, shangazi mtu akikusindikiza, eti ukafundwe upya. Fredrick hakuja kukuchukua tena.

Krismasi iliyofuata Paschal na vijana wenzake wakatoa wimbo. Kaka yetu alisema ni utani tu, na mbele ya Mungu nadhani kweli hakuona ubaya, kwa sababu ubongo wake wote siku zile ulikuwa kwenye gita. Kaseti ikafika mjini, ikafika redioni. Desemba ikiingia tu, utausikia stendi, sokoni, vilabuni, harusini. Hata wanakwaya walikuwa wakiupiga mluzi wakifagia kanisa.

*Krismasi imefika, jogoo yumo chunguni,*
*Baba anyoosha mkono, firigisi haioni,*
*Aliyeila twamjua, atarudi kwao jioni.*

Watu walicheka, dada. Mimi pia nilicheka, nilikuwa msichana, sikujua kitu. Mama aliupigia vigelegele kwa sababu mwanawe anasikika redioni, na mtoto wa redioni alimfunika yule aliyekuwa analia jikoni. Ukawa si Scholastika tena, ukawa Mama Firigisi. Siku watoto wa shule walipomwita Asnath mtoto wa firigisi, ulifunga mizigo. Sikuambii yaliyopita si ndwele. Wanaopenda kusema hivyo mara nyingi si wao walioumia.

Ila kuna jambo hujui, na ndilo ninalotaka ulijue kabla ya yote. Wimbo ule umekufa. Kwa jina la mama, umekufa kabisa.

Haukufa siku moja. Kwanza kaseti zilikwisha, watu wakahamia kwenye simu, na kwenye simu kila Desemba zinakuja nyimbo mpya za Krismasi zenye ngoma ya kutikisa mabati. Wa Paschal ukabaki kwa wazee. Halafu mwaka juzi, redioni, binti mmoja mtangazaji aliwaomba wasikilizaji wachague nyimbo za sikukuu za zamani. Mtu akauchagua. Haukufika hata katikati, kina mama wakaanza kupiga simu kwa hasira: kwa nini tumchekee mjamzito aliyefukuzwa kwa sababu ya nyama? Tumefurahia nini miaka yote hiyo? Yule binti akaukata palepale, akasema kwenye kipindi chake hautasikika tena. Nilikuwa napukuchua mahindi. Nilisimama nikapiga vigelegele peke yangu, kuku wakatawanyika.

Lakini kilichoumaliza hasa si hasira, ni kwamba watoto wa sasa hawaoni cha kuchekesha. Stendi ya Singida siku hizi kuna kijana anaitwa Deo, anachoma firigisi kwenye vijiti na pilipili, na wateja wake wakubwa ni wasichana wa chuo. Wanazila wamesimama, wanajipiga picha. Nilipomweleza Lucy habari ya ule wimbo alinikazia macho.

"Mama, yaani alirudishwa kwao kwa sababu ya firigisi? Si wangemnunulia huyo babu nyingine?"

Dada, jambo lililotuvunjia ukoo, mtoto wa kidato cha pili alilimaliza kwa sentensi moja, kisha akaomba hela ya vocha.

Krismasi iliyopita mpiga muziki mmoja hapa Unyambwa aliuweka, labda kwa kumheshimu Paschal aliyekuwa amekaa pale na soda yake. Vijana wakapiga kelele, "Toa hiyo, weka inayochezeka!" Ukatolewa. Paschal akaitazama soda yake mpaka gesi ikaisha. Mimi sikumwonea huruma siku ile. Siku hizi namwonea, lakini kidogo tu, usije ukadhani nimehama upande.

Basi Jumapili iliyopita tulikuwa Mgori mimi na Paschal, tunambembeleza mama aende hospitali. Akasema hata tukitaka kukuita hutakuja, kwa sababu Krismasi imekaribia na wimbo ule utapigwa kila kona. Nikamwambia hauimbwi tena. Hakuamini. Redio yake iliharibika siku nyingi, kwake yeye dunia iko vilevile. Akamgeukia Paschal, akamwambia kwa Kinyaturu, kwa ile sauti yake ya kutisha mbuzi, hebu imba nisikie kama bado unathubutu.

Paschal akaimba. Mvi kichwani, kofia mkononi, akaimba kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Ubeti wa kwanza akautoa. Alipofika wa pili, akakwama. Akarudia mwanzo ili aupate kwa mbio, akakwama palepale. Akaniangalia mimi. Nami nikautafuta, dada, nikautafuta kweli, sikuupata. Nakumbuka ulikuwa na gauni ndani yake, na njia ya vumbi, basi. Mama aliyekuwa akiupigia vigelegele kila Desemba, naye hakuwa na hata neno moja. Aliyeutunga ameusahau, na waliouchezea wameusahau.

Mama akasema, "Kwa hiyo mwenye kuukumbuka wote ni yeye peke yake."

Akalia. Sijawahi kumwona mama akilia mbele ya Paschal. Alisema, mwambieni kwamba mimi niliupigia vigelegele. Mwambieni najua. Paschal akatoka nje, akakaa kwenye kinu kilicholala, hakurudi ndani mpaka chakula kilipopoa. Ndiyo maana sikuambii usahau. Ninakuambia tu kwamba huku hakuna wa kukuimbia, hata akitaka hawezi. Umeubeba peke yako muda wote huu, na sisi tuliokutwika tulishatua zamani.

Sasa sikiliza kosa langu la wiki hii, na ukitaka kunigomba, njoo unigombe hapa hapa.

Juzi homa ilimpanda mama mpaka akaanza kumwita bibi yetu aliyekufa. Niliogopa, dada. Nikamwinamia sikioni nikamwambia: Scholastika anakuja, ameshapanda gari. Alifungua macho. Akaniuliza, amefika wapi? Nikasema Rungwa. Lilikuwa jina la kwanza lililonijia, maana kila apitaye njia ya Mbeya lazima apite hapo porini. Akasema basi nipelekeni hospitali, asije akanikuta ninanuka.

Ndivyo alivyokubali. Sasa yuko wodini mjini, ametundikiwa dripu, homa imeshuka kidogo. Lakini chumba cha upasuaji hataki kuingia mpaka ushike mkono wake. Daktari ametupa mpaka Jumanne, zaidi ya hapo amesema hatakuwa na cha kukata. Jana aliniuliza umefika wapi, nikamwambia gari limeharibika hapo hapo Rungwa. Leo asubuhi nikasema fundi amefuata spea. Unamjua mama. Aliniambia, "Gari gani hilo la kutengenezwa siku mbili? Mwambie ashuke apande lingine." Wa kitanda cha jirani wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda chooni kulia.

Paschal anajua nimedanganya. Hakunigomba. Aliomba aandike neno kwenye barua hii, nikampa kalamu, akakaa nayo kitambo, akanirudishia. Akasema atakuambia akikuona, na kwamba ukitaka asiwepo kabisa wodini hatakuwepo, atakaa getini na mlinzi. Kazi ya kumwosha mama mguu ule ni yeye anayeifanya, hakuna mwingine anayeweza kuvumilia. Nakuandikia hilo kwa sababu ni kweli, silitumii kukulainisha.

Chediel ataingia Vwawa Jumamosi, atapakua, na Jumapili alfajiri anageuza. Amenipa neno lake kwamba kiti cha mbele ni chako, na kama Asnath anakuja watabanana. Nimemwambia asiondoke mpaka apate jibu lako, hata kama ni la kumfukuza.

Msalimie sana Asnath, umwambie ana dada huku anaitwa Lucy ambaye tayari yuko upande wake. Wote wa Mgori wanakusalimu, hata mama Antipasi jirani, ambaye bado anadai umeondoka na ungo wake. Mungu akufungulie njia, akulinde na mapori yale, na kama moyo wako bado umefunga, aingie hata kupitia dirishani.

Nami nakuambia hesabu yangu ilivyo. Leo bado uko Rungwa. Kesho nitakufikisha Itigi, na pale naweza kukulaza kwa kisingizio cha mvua. Jumapili nitakuleta Mkiwa, Jumatatu Ikungi. Baada ya Ikungi ni lami tupu mpaka mjini, dada, na hakuna tena mahali ambapo gari linaweza kuharibika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na nisiye na uongo mwingine,

Theodora